Vigari Viwili na Nukta Moja Tulivu: Mwongozo wa Kukokotoa Momenta, Migongano na Kitovu cha Masi

Kigari A kina masi ya kilo 2, nacho kinakwenda kulia kwa kasi ya mita 4 kwa sekunde. Kigari B kina kilo 3, kinakuja kushoto kwa mita 1 kwa sekunde. Reli ni laini, msuguano ni mdogo mno. Vinagongana. Baada ya hapo kila kimoja kitakwenda upande gani, na kwa kasi gani?

Swali hili dogo ndilo tutakalokaa nalo kwa sehemu kubwa ya mwongozo huu. Nimelichagua kwa makusudi. Wanafunzi wengi niliowafundisha walikuja wakiwa wamekariri mlinganyo wa momenta, kisha milinganyo mingine mirefu ya migongano inayodunda, kisha kitovu cha masi kama sura ya mwisho isiyohusiana na zile za mwanzo. Kumbe ni jambo moja. Nataka ulione kuwa moja, kwa sababu siku utakapoliona hivyo hutahitaji kukariri milinganyo mirefu tena.

Kwanza: kasi bila mwelekeo haitoshi

Momenta ni masi mara kasi, p = m × v, na kipimo chake ni kg·m/s. Lakini hiyo v si kasi tupu. Ni kasi pamoja na mwelekeo wake, ile ambayo vitabu huiita velositi au kasimwelekeo.

Kosa la kusahau mwelekeo ni la zamani, na aliyelifanya hakuwa mtu mdogo. Mwaka 1644 mwanafalsafa Mfaransa René Descartes alichapisha wazo zuri sana, kwamba kuna "wingi wa mwendo" ulimwenguni ambao haupungui wala hauongezeki. Akauhesabu kwa kuzidisha ukubwa wa kitu na kasi yake, bila kujali kinaelekea wapi. Kanuni zake nyingi za migongano zikatoka na makosa. Mwishoni mwa miaka ya 1660 jumuiya ya wanasayansi ya London, Royal Society, iliomba wataalamu waeleze sheria za migongano. John Wallis akaleta sheria ya vitu visivyodunda, Christopher Wren na Christiaan Huygens wakaleta za vitu vinavyodunda. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba kinachohifadhiwa ni momenta yenye mwelekeo. Momenta ya kulia na ya kushoto hupunguzana.

Kwa vigari vyetu, ukifuata Descartes utapata 2 × 4 + 3 × 1 = 11. Ukizingatia mwelekeo utapata 8 − 3 = 5. Jibu zima la swali limo katika ile alama ya kutoa.

Hatua ya 1: Chora mpaka

Kabla ya kuandika namba yoyote, chora duara kuzunguka vitu unavyovihesabu. Vilivyo ndani ya duara ndivyo mfumo wako. Sheria inasema hivi: jumla ya momenta ya mfumo haibadiliki iwapo kani za nje zinabatilishana, au ni ndogo kiasi cha kupuuzwa kwa muda unaohusika. Kani ambazo vitu vya ndani vinasukumana vyenyewe hazina neno. A anapomsukuma B, B naye humsukuma A kwa kani ileile kuelekea upande wa pili, kwa muda uleule. Anachopoteza mmoja mwingine anakipata.

Hapa usijibu kwa mazoea. Uliza kila mara: nje ya duara kuna nani anayesukuma au kuvuta, na kwa kiasi gani? Tuseme reli yetu si laini sana, na msuguano unavuta kwa kani ya N 10 (nyutoni 10). Mgongano wenyewe umechukua sekunde 0.01. Badiliko la momenta linaloletwa na msuguano katika muda huo ni 10 × 0.01 = 0.1. Mbele ya momenta ya 5, hiyo ni asilimia 2. Unaweza kuiacha. Lakini ukiendelea kuviangalia vigari kwa sekunde nzima, msuguano utakuwa umepata nafasi ya kuiondoa hata yote, na sheria ya uhifadhi haitakufaa hata kidogo. Ndiyo maana tunaitumia kwa ile nukta fupi ya kugongana: papo hapo kabla na papo hapo baada.

Sasa kesi ambayo mpaka hauwezi kufungwa vizuri. Mpira wa kilo 0.4 unagonga ukuta kwa mita 10 kwa sekunde na kurudi kwa mita 8 kwa sekunde. Ukichora duara kwenye mpira peke yake, ukuta uko nje na unasukuma kwa nguvu. Ukimwingiza ukuta ndani, umeingiza jengo, na chini ya jengo dunia nzima. Hapo momenta inahifadhiwa, naam, ila hutaweza kupima mwendo ambao dunia imeupata. Kwa hiyo achana na uhifadhi, tumia msukumo: badiliko la momenta ni sawa na kani ya wastani mara muda.

Kuelekea ukutani kuwe chanya. Momenta ya mwanzo ni 0.4 × 10 = 4. Ya mwisho ni 0.4 × (−8) = −3.2. Badiliko ni −3.2 − 4 = −7.2. Atakayeandika 0.8 amesahau tena mwelekeo, na katika daftari nilizosahihisha hilo ndilo kosa linaloongoza. Kama mpira uliugusa ukuta kwa sekunde 0.02, kani ya wastani ni 7.2 ÷ 0.02 = N 360. Muda ukiwa mara kumi zaidi, kani inashuka hadi N 36, na hiyo ndiyo kazi ya mfuko wa hewa ndani ya gari.

Angalia jambo lingine hapo. Mpira ungenata ukutani, badiliko lingekuwa −4 tu. Kinachodunda husukuma zaidi ya kinachonata. Tarehe 26 Septemba 2022 chombo cha NASA kiitwacho DART, chenye masi ya kilo 580 hivi, kiliigonga kwa makusudi asteroidi ndogo (mwamba wa angani) iitwayo Dimorphos kwa kasi ya kilomita 6 na ushei kwa sekunde. Chombo hakikudunda, kilisambaratika, lakini mawe na vumbi vya Dimorphos vilirushwa nyuma, kule chombo kilikotokea. Uchafu ule uliobeba momenta ya kurudi nyuma uliongeza msukumo wa kwenda mbele, na makadirio yaliyofuata yalionyesha Dimorphos ilipokea momenta mara tatu na zaidi ya ile iliyoletwa na chombo. Mzunguko wake kuzunguka mwenzake Didymos, uliokuwa wa saa 11 na dakika 55, ukapungua kwa nusu saa na kidogo. Ukisoma tu "chombo kilinata", utakosa sehemu kubwa ya jibu. Uchafu nao ulipaswa kuwa ndani ya duara.

Hatua ya 2: Chagua upande chanya, kisha usiubadilishe

Hatua hii ni fupi. Chora mshale, andika alama ya kujumlisha juu yake, na kila kasi inayokwenda kinyume ipe alama ya kutoa. Kasi usiyoijua iandike kama v bila kukisia upande wake. Ikitoka hasi mwishoni, hesabu ndiyo imekwambia kitu kinakwenda upande wa pili. Usiifute ile alama kwa kudhani umekosea.

Kwa vigari vyetu kulia ni chanya: A ana +4, B ana −1.

Hatua ya 3: Andika mlinganyo wa momenta

2(4) + 3(−1) = 2vA + 3vB

5 = 2vA + 3vB

Mlinganyo ni mmoja na visivyojulikana ni viwili. Hapa ndipo wengi hukwama, wakidhani kuna kitu wamekisahau. Hawajasahau kitu. Momenta peke yake haiwezi kujibu swali hili, kwa sababu vigari vya udongo laini na vigari vyenye springi vina momenta ileile ya 5 na bado vinamalizika tofauti kabisa. Unahitaji habari moja zaidi: vinaachana vipi?

Hatua ya 4: Hamia kwenye kitovu cha masi

Sasa tumefika kiini cha mwongozo. Vitabu vingi hapa hukupa mlinganyo wa nishati wenye vipeo vya pili, halafu ukurasa mzima wa aljebra. Kuna njia nyepesi.

Kitovu cha masi ni ile nukta ambayo mfumo mzima unaweza kuchukuliwa kana kwamba umekusanyika hapo. Kasi yake ni jumla ya momenta kugawanywa kwa jumla ya masi:

V = 5 ÷ (2 + 3) = mita 1 kwa sekunde, kuelekea kulia

Kwa kuwa jumla ya momenta haibadiliki, na masi haibadiliki, V nayo haibadiliki. Vigari vinagongana, vinadunda, vinanata, hata vikivunjika vipande ishirini, ile nukta inaendelea na safari yake ya mita 1 kwa sekunde kana kwamba hakuna kilichotokea.

Basi ipande hiyo nukta. Jiwazie unasafiri pamoja nayo na kuangalia vigari kutoka pale. Kila kasi itaonekana pungufu kwa 1:

A: 4 − 1 = +3
B: −1 − 1 = −2

Momenta unazoziona kutoka hapo ni 2 × 3 = +6 na 3 × (−2) = −6. Jumla ni sifuri. Si bahati. Ukitazama kutoka kwenye kitovu cha masi, jumla ni sifuri siku zote, kabla na baada. Maana yake ni kwamba baada ya kugongana momenta za A na B lazima ziendelee kuwa sawa kwa ukubwa na kupingana kwa mwelekeo. Kilichobaki bila kujulikana ni kimoja tu: ukubwa huo umepungua kiasi gani.

Kama mgongano ni nyumbufu, yaani hakuna nishati ya mwendo iliyopotea, ukubwa haupungui hata kidogo. Kila kigari kinageuka na kurudi kwa kasi ileile kilichokuja nayo: A anakuwa −3, B anakuwa +2. Sasa shuka kutoka kwenye kitovu kwa kurudisha ile 1 uliyoiondoa:

vA = −3 + 1 = −2
vB = +2 + 1 = +3

A anarudi kushoto kwa mita 2 kwa sekunde, B anakwenda kulia kwa mita 3 kwa sekunde. Hakiki: 2(−2) + 3(3) = 5. Nishati ya mwendo, ½mv², kabla ilikuwa 16 + 1.5 = jouli 17.5. Baada ni 4 + 13.5 = jouli 17.5. Imekaa sawa, na hatukutatua hata mlinganyo mmoja wa kipeo cha pili.

Kama vigari vimenata, kutoka kwenye kitovu vinaonekana vimesimama: 0 na 0. Rudisha ile 1, vyote vinakwenda kulia kwa mita 1 kwa sekunde.

Na migongano mingi ya kweli iko katikati ya hiyo miwili. Hapo hutumika namba e, ambayo ni kasi ya kuachana ikigawanywa kwa kasi ya kukaribiana. Ikiwa 1, mgongano ni nyumbufu. Ikiwa 0, vitu vimenata. Ikiwa 0.5, kasi zinazoonekana kutoka kwenye kitovu zinageuzwa na kupunguzwa nusu: A anakuwa −1.5, B anakuwa +1. Rudisha 1: vA = −0.5, vB = +2. Hakiki mwenyewe momenta kabla ya kuendelea kusoma. Lazima ipatikane 5.

Kwa hiyo utaratibu ni huu kwa mgongano wowote wa mstari mmoja: tafuta V, itoe kwenye kila kasi, zidisha kwa −e, irudishe V. Mistari minne.

Nishati ipi inaweza kupotea?

Swali hili huulizwa mara chache, nami naona ndilo zuri kuliko yote katika mada hii. Vigari viliponata, nishati ya mwendo iliyobaki ni ½ × 5 × 1² = jouli 2.5. Zimepotea jouli 15, zikawa joto, sauti na mikunjo ya chuma. Kwa nini 15? Kwa nini si zote 17.5?

Hesabu nishati unayoiona kutoka kwenye kitovu kabla ya mgongano: ½ × 2 × 3² + ½ × 3 × 2² = 9 + 6 = jouli 15. Ndiyo hiyohiyo. Jouli 17.5 zilikuwa mafungu mawili tangu mwanzo. Fungu la 2.5 ni la safari ya kitovu, na mgongano hauwezi kuligusa, kwa maana ukiligusa utakuwa umebadilisha V na kuvunja uhifadhi wa momenta. Fungu la 15 ni la vigari kukimbiliana, na hilo peke yake ndilo linaloweza kugeuka joto. Ikiwa e ni 0.5, robo yake inabaki, yaani e × e: 3.75. Jumlisha na 2.5 upate 6.25. Linganisha na kasi tulizopata: ½ × 2 × 0.25 + ½ × 3 × 4 = 0.25 + 6 = 6.25.

Hii ndiyo sababu mashine kubwa ya CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, hugonganisha protoni zinazokuja uso kwa uso badala ya kupiga protoni moja kwenye shabaha iliyotulia. Zikija kwa mwendo sawa kutoka pande mbili, kitovu kimetulia na nishati yote inapatikana kwa mgongano. Shabaha ikiwa imetulia, sehemu kubwa ya nishati inafungwa katika safari ya kitovu na haina kazi.

Kwa njia hiyohiyo pima kesi tatu kichwani. Vitu viwili vya masi sawa, kimoja kimesimama, mgongano nyumbufu: vinabadilishana kasi. Kidogo sana kikigonga kizito mno kilichosimama: kinarudi kwa kasi yake ileile. Kizito mno kikigonga kidogo kilichosimama: kile kidogo kinatoka kwa karibu mara mbili ya kasi ya kizito. Hakuna haja ya kuzikariri. V ya kesi ya tatu ni karibu sawa na kasi ya kile kizito, kidogo kinaonekana kinakuja kwa −V, kinageuka kuwa +V, ongeza V.

Mgongano unaokuja kwa pembe

Gari la kilo 1200 linakwenda mashariki kwa mita 15 kwa sekunde. La kilo 1800 linakwenda kaskazini kwa mita 10 kwa sekunde. Yanagongana njia panda na kunasana. Usijumlishe momenta mbili kana kwamba ziko kwenye mstari mmoja. Tenga mashariki na kaskazini, kila upande uwe na hesabu yake:

Mashariki: 1200 × 15 = 18,000
Kaskazini: 1800 × 10 = 18,000

Gawa kila moja kwa kilo 3000: mita 6 kwa sekunde mashariki, mita 6 kwa sekunde kaskazini. Kasi ya jumla ni kipeuo cha pili cha 72, karibu mita 8.5 kwa sekunde, kuelekea kaskazini mashariki kwa nyuzi 45. Ukiziunganisha kwa kujumlisha tu utapata 36,000 ÷ 3000 = 12, jibu ambalo si la gari lolote.

Swali lenye hatua mbili: risasi na gogo

Risasi ya gramu 10 inakwenda kwa mita 400 kwa sekunde na kuzama katika gogo la kilo 1.99 lililoning'inizwa kwa kamba. Gogo linapanda hadi kimo gani? Njia hii ya kupima kasi ya risasi ilibuniwa na Mwingereza Benjamin Robins, aliyeichapisha mwaka 1742, na hadi leo ni mtihani mzuri wa kujua nani ameelewa.

Mwenye haraka atasema: nishati ya risasi ni ½ × 0.01 × 400² = jouli 800, gogo na risasi ni kilo 2, basi kimo ni 800 ÷ (2 × 9.8) = karibu mita 41. Gogo limepaa kupita paa la nyumba ya ghorofa kumi.

Kata swali vipande viwili. Kipande cha kwanza ni kuzama kwa risasi, mgongano wa kunata. Hapa momenta inahifadhiwa, nishati ya mwendo haihifadhiwi: 0.01 × 400 = 4, gawa kwa 2, kasi ni mita 2 kwa sekunde. Kipande cha pili ni kupanda kwa gogo. Hapa nishati inahifadhiwa, momenta haihifadhiwi, kwa kuwa uzito na kamba vinavuta muda wote: kimo = v² ÷ 2g = 4 ÷ 19.6 = mita 0.2, ambapo g ni ile 9.8, mchapuko unaoletwa na uvutano wa dunia.

Sentimita 20. Jouli zilizobaki baada ya risasi kuzama ni 4 tu kati ya 800. Nakuomba uyafanye mazoezi ya swali hili mpaka mkono wako uandike wenyewe "kipande cha 1" na "kipande cha 2" kabla ya kugusa kikokotoo.

Kitovu kiko wapi hasa?

Mpaka sasa tumejali kasi ya kitovu. Mahali pake panapatikana kwa njia ileile: zidisha kila masi na mahali ilipo, jumlisha, gawa kwa jumla ya masi. Matumizi yake mazuri ni pale mfumo ulipoanza ukiwa umetulia na hakuna kani ya nje ya kuusogeza: kitovu hakitasogea kamwe.

Mtu wa kilo 60 amesimama kwenye ncha ya mtumbwi wa kilo 120 wenye urefu wa mita 3, maji yametulia na ukinzani wake tunaupuuza. Anatembea hadi ncha ya pili. Mtumbwi unasogea kiasi gani? Kukisia kunaponza hapa, kwa sababu mtu huandika kwamba ametembea mita 3 na kusahau kuwa mtumbwi ulikuwa ukirudi nyuma chini ya miguu yake. Tuseme mtumbwi umerudi d. Basi mtu, akitazamwa kutoka ufukoni, amesogea 3 − d. Kitovu kikae palepale:

60(3 − d) = 120d
180 = 180d
d = mita 1

Hukuhitaji kujua alitembea kwa kasi gani, wala kama alisimama katikati kupumzika.

Kitovu si lazima kiwe ndani ya kitu. Cha pete kiko katikati, penye hewa tupu. Dick Fosbury alishinda kuruka juu katika Olimpiki ya Mexico ya mwaka 1968 kwa mita 2.24 akiruka kinyumenyume. Mgongo ukipindwa kama upinde, mwili unaweza kuvuka juu ya fito huku kitovu chake kikipita chini yake. Na dunia na mwezi huzunguka kitovu chao cha pamoja: umbali kati yao ni wastani wa kilomita 384,400, dunia ina masi mara 81.3 ya mwezi, basi kitovu kiko 384,400 ÷ 82.3, karibu kilomita 4,670 kutoka katikati ya dunia. Nusu kipenyo cha dunia ni kilomita 6,371, kwa hiyo nukta hiyo imo ndani ya dunia yenyewe.

Kupima masi ya kisichoonekana

Namalizia na hesabu iliyofanywa mwaka 1932 huko Cambridge na James Chadwick, kwa sababu ni mbinu yetu ileile ya kitovu.

Kulikuwa na mnururisho wa ajabu usio na chaji ya umeme. Ulipopigwa kwenye vitu vyenye haidrojeni kama nta ya parafini, ulirusha protoni kwa kasi iliyofikia mita 3.3 × 10⁷ kwa sekunde. Ulipopigwa kwenye naitrojeni, viini vyake vilirushwa kwa mita 4.7 × 10⁶ kwa sekunde hivi. Chadwick alishuku ni chembe yenye masi M, lakini hakujua M wala kasi yake v.

Shabaha imetulia, mgongano ni nyumbufu na wa uso kwa uso. Kama tulivyoona, shabaha iliyotulia huonekana kutoka kwenye kitovu ikija kwa −V, inageuka kuwa +V, na ukirudisha V inatoka kwa 2V. V ni Mv ÷ (M + masi ya shabaha). Protoni ipe masi 1, naitrojeni 14. Gawanya kasi ya protoni kwa ya naitrojeni, na v inajifuta yenyewe pamoja na 2M:

(M + 14) ÷ (M + 1) = 33 ÷ 4.7 = 7.02

M + 14 = 7.02M + 7.02
6.98 = 6.02M
M = 1.16

Chembe isiyo na chaji, yenye masi karibu sawa na ya protoni. Vipimo vya kasi za naitrojeni vilikuwa vya kukadiria, na thamani inayotumika leo, protoni ikiwa 1, ni 1.001. Chembe hiyo ni nyutroni. Sasa irudishe M kwenye mlinganyo wa protoni, utafute v, kasi ambayo nyutroni zile zilikuja nayo. Ukipata karibu mita 3.1 × 10⁷ kwa sekunde, umefika.